Kiwanja cha michezo uani: joto la sakafu na miguu ya mtoto

Mtoto wa miaka 5 na kuendelea anahitaji kucheza kwa nguvu kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Kiwanja kidogo nyuma ya nyumba humpa nafasi hiyo bila kwenda barabarani wala kuzurura ufukweni mwa ziwa. Kama familia yako ya Musoma, Bunda au Butiama inapanga kutengeneza kiwanja cha kudumu, huenda fundi au muuzaji akakuonyesha nyasi bandia, vigae vya plastiki vya kupachika, au rangi ya akriliki inayopakwa juu ya zege. Atakwambia pia kwamba bidhaa yake inastahimili joto. Hapo ndipo mama anapaswa kuuliza zaidi.

"Inastahimili joto" maana yake nini?

Maneno hayo yanaihusu bidhaa, hayaihusu ngozi ya mtoto. Yana maana kwamba plastiki haitayeyuka, haitapinda wala kupauka upesi juani. Yanaweza kuwa kweli kabisa, na bado sakafu hiyohiyo ikamchoma mtoto aliye peku.

Mwaka 2002, watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Marekani walipima uwanja wa nyasi bandia. Siku ambayo hewa ilikuwa na joto la nyuzi 37, uwanja ulifika nyuzi 93. Walijaribu kuupoza kwa maji, ukashuka kutoka nyuzi 79 hadi 29. Baada ya dakika 5 ulikuwa umerudi nyuzi 49, na baada ya dakika 20 nyuzi 73. Kwa hiyo, fundi akikwambia "utamwagia maji tu", jua kwamba nafuu hiyo ni ya dakika chache. Kwa nyumba inayonunua maji kwa ndoo, ni hasara juu ya hasara.

Ukigusa kitu kigumu chenye nyuzi 60 unaweza kuungua ndani ya sekunde chache. Ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko yako, na anayetambaa hawezi kuruka pembeni haraka.

Mbona kwetu hakuna joto kali?

Ni kweli, Musoma mchana hewa huwa kwenye nyuzi 28 hadi 30 tu, na upepo wa ziwa unaburudisha. Lakini upepo huo unadanganya. Unapoza mwili wako uliolowa jasho, huku jua likiendelea kupasha sakafu. Mkoa wa Mara uko karibu sana na mstari wa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi, na ukuta wa nyumba hautoi kivuli cha maana. Hakuna haja ya kipimo: waulize watoto waliowahi kupanda peku juu ya mawe makubwa ya vilimani saa nane mchana.

Kipi kichaguliwe?

Kwa watoto wadogo, udongo ulioshindiliwa vizuri na nyasi za kawaida chini ya mti bado ni bora kuliko kitu chochote cha dukani. Nyasi hai hujipoza zenyewe kwa maji yaliyomo ndani yake. Za plastiki haziwezi. Ninajua udongo unachafua nguo na mvua za masika huufanya tope, lakini tope halichomi.

Mkiamua kuweka sakafu ngumu, chagueni rangi nyepesi. Nyeusi, kijani iliyokolea na bluu iliyokolea hunasa joto zaidi. Epukeni nyasi bandia zilizojazwa punje nyeusi za mpira wa matairi. Zege liwe na mteremko mdogo, kama sentimita 1 kwa kila mita, ili maji yasituame na kuzalisha mbu. Pesa inayobaki iende kwenye kivuli: neti ya kivuli juu, au mwembe na mwarobaini upande wa magharibi, kwa sababu jua la alasiri hutokea huko, na ndio wakati watoto wametoka shule.

Kabla hawajaingia kucheza, weka mgongo wa kiganja chako juu ya sakafu kwa sekunde 7. Ukishindwa kuvumilia, mtoto asikanyage. Zege hutunza joto, kwa hiyo pima hata jioni. Saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni wachezee kivulini, wavae raba au ndala, na wanywe maji kabla ya kusikia kiu.

Mtoto akiungua

Mtoe hapo mara moja. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, tumia kata na ndoo. Usiweke barafu. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, asali wala kinyesi cha ng'ombe, hata kama bibi amesisitiza. Mwambie kwa heshima kwamba daktari atalazimika kuvikwangua, na mtoto ataumia mara ya pili. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kisichonata. Mpeleke kituo cha afya au hospitali kama ni mtoto mchanga, kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja chake, au kama liko kwenye nyayo, mikono, uso, viungo au sehemu za siri.

Mwili ukiwa wa moto baada ya kucheza

Mpeleke kivulini, mvue nguo nzito, mloweshe maji na umpepee. Kama anaweza kunywa, mpe maji kidogo kidogo. Akichanganyikiwa, akitapika mfululizo, akipata degedege au akizimia, mkimbizeni hospitali huku mkiendelea kumpoza njiani, na msimnyweshe chochote akiwa hajitambui.

Akitulia, joto lake linapaswa kushuka. Lisiposhuka, au likirudi usiku, usiseme "ni jua tu". Mikoa ya kanda ya ziwa ina malaria nyingi, na homa ya mtoto inahitaji kipimo siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, hata kama alishinda kiwanjani.