Ideali ya viwango

Masika yakizidi, Mto Msimbazi hufurika pale Jangwani, Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro hufungwa na mabasi ya mwendokasi hukwama. Bonde la mafuriko linaishia wapi? Hakuna mstari mmoja. Ipo ardhi inayozama kila masika, ipo inayozama mwaka wa mvua kubwa tu, na ipo ambayo maji huikaribia kisha yakarudi. Seti tulizosoma shuleni zinadai jibu moja: kitu kimo au hakimo. Mwaka 1965 Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyefundisha Berkeley, Marekani, aliruhusu uanachama upimwe kwa namba, kuanzia 0 hadi 1.

Jina alilochagua kwa Kiingereza kwa seti za namna hii linadokeza ukungu, na mfasiri mwenye haraka ataandika “seti fifi”. Mimi nasema seti ya viwango, maana hapa hakuna kilichofifia: kila kitu kina kiwango chake, kimetajwa waziwazi. Wala kiwango si bahati nasibu. Kiwanja cha bondeni chenye kiwango 0.7 hakisubiri kura.

Ideali, aina ya seti katika aljebra, ni ya zamani zaidi. Mwanahisabati Dedekind aliipa umbo mwaka 1871. Chukua namba shufwa. Shufwa ukiitoa kwenye shufwa unabaki na shufwa; ukiizidisha kwa namba kamili yoyote, hata witiri, jibu ni shufwa. Seti yenye tabia hizo mbili ni ideali. Azriel Rosenfeld alipeleka viwango kwenye aljebra mwaka 1971, na Wang-jin Liu akavifikisha kwenye ideali mwaka 1982. Masharti ya ideali ya viwango ni mawili: kiwango cha tofauti ya namba mbili kisiwe chini ya kile kidogo kati ya viwango vyao, na kiwango cha zao lao kisiwe chini ya kile kikubwa.

Vipe vigawe vya 12 kiwango 1, vigawe vingine vya 4 kiwango 0.7, shufwa zilizosalia 0.4, witiri 0.1. Sasa 6 kutoa 2 ni 4: kutoka 0.4 tumepanda hadi 0.7. Na 2 mara 6 ni 12: tumefika 1.

Uzuri wenyewe uko kwenye mikato. Kata kwenye 0.4, yaani chukua namba zenye kiwango hicho na kuendelea, unapata shufwa zote; kwenye 0.7, vigawe vya 4; kwenye 1, vigawe vya 12. Kila mkato ni ideali kamili ya Dedekind, na kinyume chake pia ni kweli: mikato yote isiyo mitupu ikiwa ideali, seti nzima ni ideali ya viwango.