Moto wa Rubwera

Mwishoni mwa Novemba 1861, msafara wa John Hanning Speke na James Augustus Grant ulipanda vilima vya Karagwe kwenda kwa Mukama Rumanyika. Wengi katika msafara huo walikuwa waungwana wa Unguja na watu wa pwani, waliozoea usiku wa joto la bahari. Huku juu walikutana na upepo wasioujua. Katika kitabu alichochapisha 1863, Speke anasimulia kwamba watu wake walipoanza kutetemeka waliamini wamekaribia Uingereza, kwa kuwa hiyo ndiyo nchi pekee ya baridi waliyowahi kuisikia.

Tunaweza kuwacheka. Lakini anayeijua Rubwera asubuhi ya Julai, ukungu ukiwa bado umelalia migomba, atacheka kwa kujizuia. Baridi ya nyanda hizi haina theluji wala haigandishi maji; ni ile ya kumfanya mtu asogeze kigoda karibu na moto. Ndiyo maana historia ya jiko hapa haiwezi kuwa historia ya kupika peke yake. Moto umekuwa na kazi mbili, kuivisha chakula na kupasha mwili, na kila jiko jipya lililoletwa limepimwa kwa kazi zote mbili, hata pale walioleta walipodhani wameleta chombo cha kupikia tu.

Jiko la kwanza ni mawe matatu. Waswahili huyaita mafiga. Katika lugha za upande huu ni amahiga, neno lilelile lililobadilisha sauti njiani. Mafiga hayana bei. Hupokea chungu cha watu wawili na sufuria ya msiba. Hupokea kuni nene, vijiti, magunzi na mabua. Ukitaka moto mkali unasukuma kuni ndani. Ukitaka ndizi na maharage vitokote taratibu chini ya majani ya mgomba, unazivuta nje. Watoto huota moto, wazee husimulia, na nyumba haihitaji taa nyingine. Ubaya wake nao unajulikana: sehemu kubwa ya joto hupotelea pembeni, na moshi huingia kifuani mwa mama na mtoto aliyembeba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 pekee.

Kutokana na takwimu kama hiyo, ripoti za miradi hupenda kusimulia hadithi moja: kulikuwa na watu wasioujua moto, kisha mtaalamu akaja na jiko. Kwa mkoa wa Kagera, hadithi hiyo inaanzia mahali pasipo pake.

Mwaka 1978, mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya utafiti wao Buhaya, kando ya Ziwa Victoria. Walikuwa wamefukua mabaki ya matanuri ya chuma yenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000. Walikuwa pia wamekaa na wazee wahunzi walioacha kuyeyusha chuma miongo mingi iliyopita, wakawaomba wajenge tanuri tena. Wazee walijenga. Mirija ya udongo iliyopeleka hewa ya mivukuto iliingizwa ndani kabisa ya tanuri, na watafiti wakatoa hoja kwamba hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla haijakutana na mkaa, hivyo joto likapanda zaidi. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu hoja hiyo. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba watu wa hapa waliyeyusha chuma kwa karne nyingi, na kazi hiyo haifanywi na mtu asiyejua kuiongoza hewa. Karagwe yenyewe iliuheshimu uhunzi kiasi cha kuuweka ikuluni: nyundo na vitu vingine vya chuma vilikuwa miongoni mwa alama za ufalme kule Bweranyange.

Kwa hiyo ujuzi wa moto ulikuwepo. Kitu kilichoyumba mara kwa mara ni kuni: ziko wapi, ni za nani, na nani anazibeba. Mwaka 1994 swali hilo lilifika Rubwera kwa nguvu ambayo haijasahaulika.

Mwishoni mwa Aprili mwaka huo, watu takribani 250,000 walivuka mpaka pale Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24, wakitoka Rwanda. Wengine walivuka Mto Kagera kuingia Karagwe, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijagawanywa. Kyerwa ilikuja kuwa wilaya mwaka 2012. Kambi zilifunguliwa Kagenyi, Chabalisa, Omukariro na Rubwera. Kila familia ilipofika, kabla ya hema kusimama vizuri, ilitafuta mawe matatu.

Hesabu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zinaonyesha kilichofuata. Wakimbizi wa mkoa wa Kagera walitumia zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Hadi kambi za Wanyarwanda zilipofungwa Desemba 1996, kilomita za mraba 570 za misitu zilikuwa zimeguswa, na 167 kati yake zilikuwa zimekatwa vibaya. Mwenyeji aliyezoea kuokota kuni nyuma ya shamba alilazimika kwenda mbali, na mkimbizi alikwenda mbali zaidi. Wanawake ndio waliokwenda, pande zote mbili.

Mashirika yalifundisha majiko ya udongo, na mafunzo hayo yalikuwa na maana. Lakini kambi zilifundisha pia jambo ambalo halikuwa kwenye somo la udongo. Mgao wa chakula ulikuwa na mahindi ya punje na maharage makavu, vyakula vinavyotaka saa nyingi motoni. Kuyasaga mahindi, kuloweka maharage usiku, kufunika sufuria, kupasua kuni na kuzikausha kabla ya kuziwasha: mambo haya madogo huokoa kuni nyingi hata jiko likibaki lilelile. Anayeamua chakula kije kikiwa punje au unga anaamua pia msitu utarudi nyuma kiasi gani, ingawa hajawahi kushika panga.

Baada ya kambi kuondoka, makovu yalibaki na miradi ikaja. Karagwe ilipata majiko banifu ya aina nyingi. Jaribio lililokwenda mbali zaidi kifikra lilifanywa na mashirika ya wilayani, MAVUNO na CHEMA, wakishirikiana na wahandisi wa Kijerumani wa Ingenieure ohne Grenzen na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Walitengeneza, kwa mabati na mikono ya mafundi wa hapahapa, jiko linalochoma gesi ya kuni.

Jiko hilo ni kama kopo ndani ya kopo. Unajaza vipande vikavu vya kuni au vumbi la mbao, kisha unawasha juu, si chini. Moto hushuka polepole, na joto lake hulazimisha kuni za chini kutoa gesi. Gesi hupanda, hukutana juu na hewa iliyopita kati ya makopo mawili ikapata joto, na hapo ndipo huwaka, karibu bila moshi. Mzee mhunzi wa Buhaya angelitazama akaelewa: hewa ipate moto kwanza. Mwishoni mkaa hubaki. Mtafiti Ariane Krause, aliyeandika tasnifu yake ya uzamivu kuhusu mfumo huu wa Karagwe, alifuatilia mkaa huo hadi shambani. Ulichanganywa na mboji na kinyesi kilichopashwa joto kuua vijidudu, na katika majaribio mboji hiyo iliongeza sana mavuno ya mahindi kwenye udongo wenye tindikali. Jiko likawa sehemu ya shamba.

Lakini jiko hilo lina masharti. Likishajazwa halipendi kuongezewa katikati ya mapishi, na sufuria ya ndizi na maharage haimalizi safari kwa mjazo mmojammoja mdogo. Linataka kuni kavu zilizokatwa fupi, yaani kazi ya ziada kwa mtu ambaye tayari amechoka. Tena halipashi chumba kama mafiga. Usiku wa baridi mtu anashawishika kuuchukua mkaa uliobaki, ukiwa mwekundu, auingize chumbani. Hapo pana hatari kubwa kuliko moshi: mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na huua waliolala.

Kuni zilizokatwa sawa na kukauka sawa zina jina kwa wauzaji: peleti. Ni vijiti vifupi, vinene kiasi cha milimita 6 hadi 8, vya vumbi la mbao lililokaushwa na kushindiliwa kwa mashine hadi likajishika lenyewe. Jiko la peleti la kupasha nyumba lilienea kutoka jimbo la Washington, Marekani, miaka ya 1980, baada ya misukosuko ya bei ya mafuta. Mhandisi Jerry Whitfield ni mmoja wa walioliingiza sokoni. Anayelinunua huko huulizwa maswali manne. Chumba kina ukubwa gani? Bomba la moshi litapita wapi, na litakaa umbali gani na mbao za ukuta? Umeme ukikatika, parafujo inayoshusha peleti na feni vitafanyaje? Peleti zitanunuliwa wapi, na zitahifadhiwa wapi zisipate unyevu? Peleti iliyolowa hurudi kuwa vumbi.

Ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda, mtu alijaribu kuyajibu maswali hayo kwa ajili ya sufuria za Afrika. Mwaka 2010 Mmarekani Eric Reynolds alianzisha kampuni ya Inyenyeri mjini Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu. Wazo lake lilikuwa kwamba maskini hawezi kununua jiko bora, basi apewe, naye anunue peleti kila mwezi, kwa bei inayoshindana na mkaa. Wa kijijini asiye na fedha angeleta kuni kiwandani na kurudi na peleti. Jiko lenyewe lilikuwa dogo, la kuchoma gesi, lenye feni ya betri. Lilifanya kazi: utafiti wa Wyatt Champion na Andrew Grieshop, uliochapishwa 2019 baada ya kupima majikoni mwa watu, ulionyesha kwamba majiko hayo yalikaribia usafi wa jiko la gesi. Benki ya Dunia ilikubali kununua hewa ukaa ambayo yangeepusha. Mwaka 2020 kampuni ilifungwa.

Upande wa jiko, jaribio lilikuwa limefaulu. Lakini kiwanda cha peleti kinataka mashine, umeme, vipuri, maghala, magari na fedha ya kusubiri miaka kabla ya faida. Familia iliyoacha mkaa ikategemea mfuko wa peleti ilikuwa imefungamana na kiwanda kimoja. Mafiga hayakufungi na mtu. Siku duka likifungwa, mawe matatu bado yapo nyuma ya nyumba.

Sasa zamu imeturudia. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Jina la Mukama aliyempokea Speke lipo leo kwenye mpaka ambao mtu haruhusiwi kuuvuka na panga lake la kuni. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Miti inahitaji kulindwa, na vifua vya mama zetu pia. Vijana tuliotoka Kyerwa tukasoma na kuajiriwa tumeshaanza kutekeleza mkakati kwa njia yetu: tunarudi likizo na mtungi wa gesi wa kilo 6. Tukirudi mwaka unaofuata tunaukuta umesimama pembeni, umefunikwa kitambaa cha kufuma, mtupu.

Ni rahisi kusema wazazi ni wagumu kubadilika. Ila tuwaulize yale maswali manne ya Washington. Mtungi utajazwa wapi, na nauli ya bodaboda ni kiasi gani? Utawasha saa ngapi kabla gesi haijaisha, sufuria ikiwa ya maharage? Jioni ya Julai, nani atapasha chumba? Halafu tuongeze la kwetu: wilaya inayolima kahawa ina maganda ya kahawa kila msimu, na mafundi seremala wana vumbi la mbao. Mashine ya peleti ikija Rubwera siku moja, itakuwa mali ya nani, na mkulima atakayeleta maganda ataondoka na nini?

Jiko linachaguliwa kwa siku moja na kufungwa kwa saa chache. Kuni, peleti au gesi huchaguliwa upya kila asubuhi, na anayechagua ni yule anayeamka wa kwanza, kukiwa bado na ukungu, akasogeza kigoda. Kabla ya kumbebea mzigo mwingine kutoka mjini, tukae naye pale hadi sufuria ichemke, tuone ni mambo mangapi moto wake unafanya.