Wenyeheri wa Baraka na Fizi: Utume Haupimwi kwa Wingi wa Miaka



Kila mwaka likizo inapokaribia, katika vikundi vyetu vya parokia huzuka swali lile lile: je, safari ya utume ya majuma mawili au matatu katika nchi ya jirani ina maana yoyote? Wapo wanaosema kwamba huo ni utalii uliovikwa rozari. Wageni hufika, huimba, hupiga picha, hugawa sabuni na madaftari, kisha huondoka, na wenyeji hubaki na shida zao. Wapo wanaojibu kwamba hata siku moja ya upendo si bure mbele ya Mungu. Pande zote mbili zina sehemu ya ukweli, na ndiyo maana hatuwezi kulijibu swali hili kwa kubishana tu. Afadhali tuiulize historia.

Historia hiyo ipo ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, katika wilaya ya Fizi, Kivu ya Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hapo, tarehe 28 Novemba 1964, watumishi wanne wa Injili waliuawa kwa siku moja: wawili Baraka, wawili Fizi. Mmoja wao alikuwa amekaa Kongo miaka miwili tu.

Nchi na nyakati zake

Fizi ni nchi ya Wabembe hasa, pamoja na jamaa nyingine zinazoishi nao. Baraka iko ufukoni, mji wa wavuvi na wafanyabiashara. Fizi yenyewe iko juu, milimani. Jimbo Katoliki la Uvira, ambalo miji hiyo miwili ni sehemu yake, liliundwa tarehe 16 Aprili 1962, na askofu wake wa kwanza alikuwa Mwashamu Danilo Catarzi, Mmisionari Mksaveri. Waksaveri ni shirika lililoanzishwa mwaka 1895 huko Parma, Italia, na Mtakatifu Guido Maria Conforti. Walikuwa wamefika Kongo mwaka 1958, kwa hiyo wakati wa matukio tunayoyasimulia walikuwa bado wageni wapya katika nchi.

Nchi nayo ilikuwa changa. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Miezi michache baadaye, Januari 1961, Patrice Lumumba akauawa. Watu wengi waliona kwamba ahadi za uhuru zimeliwa na wachache. Mwaka 1964 uasi ukawaka mashariki, na wapiganaji wake wakaitwa Simba. Mwezi Mei waliuteka mji wa Uvira. Tusisahau kwamba wengi wa Simba walikuwa vijana, baadhi yao wadogo kuliko ninyi mnaosoma ukurasa huu. Waliambiwa kwamba dawa waliyopakwa ingegeuza risasi kuwa maji. Walikuwa na uchungu wa kweli moyoni, nao wakubwa wao wakautumia uchungu huo walivyotaka.

Askofu Catarzi na wamisionari waliokuwa Uvira walishikiliwa kwa miezi, hata wakakombolewa mwezi Oktoba. Lakini Baraka na Fizi zilibaki mikononi mwa waasi. Wamisionari wa huko wakaendelea na kazi zao za kila siku kati ya waamini wao.

Wageni watatu na mwenyeji mmoja

Tuwafahamu kwa majina. Padre Giovanni Didonè, mwenye umri wa miaka 34, alizaliwa katika eneo la Vicenza, Italia. Alifika Kongo mwaka 1959 na alikuwa paroko wa Fizi. Bruda Vittorio Faccin, miaka 30, naye wa eneo la Vicenza, alifika mwaka huo huo wa 1959. Hakuwa padre; alimtumikia Mungu kwa nadhiri zake na kwa kazi ya mikono yake. Padre Luigi Carrara, miaka 31, alizaliwa karibu na Bergamo, akapata daraja ya upadre mwaka 1961, na mwaka uliofuata akatumwa Kongo. Huyu ndiye yule wa miaka miwili.

Wa nne ni Padre Albert Joubert, miaka 56, na habari zake zinahitaji maelezo, kwa maana jina lake ni la Kizungu lakini yeye hakuwa mgeni. Alizaliwa mwaka 1908 huko Mrumbi, karibu na Moba, kusini zaidi kwenye ufuko ule ule wa Tanganyika. Mama yake alikuwa Mkongomani, Agnes Atakao. Baba yake alikuwa Kapteni Léopold Louis Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa jeshi la Papa. Kapteni huyo alikuja Tanganyika mara ya kwanza mwaka 1880, kuzilinda misioni za Mapadre Weupe na watu waliozikimbilia kutokana na wawindaji wa watumwa. Mwaka 1885 alirudi kwao, kama arudivyo mtu aliyemaliza muda wake. Lakini mwaka uliofuata alifunga safari tena, na safari hii alikaa. Alioa hapo, akalea watoto hapo, akazeeka hapo, na hapo akafa mwaka 1927.

Tazameni mpangilio wa jambo hili. Baba alikuja akiwa mgeni mwenye bunduki, ili awalinde wanyonge. Na bunduki, hata ikishikwa kwa nia njema, huacha maswali nyuma yake. Mtoto alizaliwa mwenyeji, akapadirishwa mwaka 1935, akasimama mbele ya bunduki akiwa hana kitu mkononi. Kati ya hao wawili imo historia nzima ya jinsi Injili inavyoacha kuwa ya wageni na kuwa ya nyumbani.

Jumamosi ya kuamkia Majilio

Tarehe 28 Novemba 1964 ilikuwa Jumamosi, na kesho yake ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Pale Baraka, Padre Carrara alikuwa kanisani akiwaungamisha waamini. Gari la waasi likafika misioni. Bruda Faccin alitoka kuwalaki, akaamriwa apande garini; alipokataa, akapigwa risasi. Padre Carrara alisikia, akatoka. Naye akaamriwa apande. Inasimuliwa kwamba alijibu kuwa, ikiwa ni kufa, anapenda afe pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti kando ya mwili wa Bruda, akauawa hapo.

Usiku wa siku hiyo hiyo, kamanda yule yule alipanda hadi Fizi. Mlango wa nyumba ya mapadre ulibishwa hodi. Padre Didonè alikwenda kuufungua, kama ambavyo paroko yeyote huufungua usiku kwa kuwa huenda kuna mgonjwa. Akapigwa risasi. Padre Joubert naye akauawa pamoja naye. Siku tatu baadaye, tarehe 1 Desemba, huko Isiro, kaskazini-mashariki ya nchi, aliuawa Mwenyeheri Anuarite Nengapeta katika uasi huo huo.

Miaka karibu 60 ilipita. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, wote wanne walitangazwa Wenyeheri, katika Misa iliyoongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo kwa niaba ya Papa Fransisko.

Miaka miwili ni mingi au ni michache?

Sasa turudi kwenye swali letu. Kanisa halijawahi kuudharau utume wa muda. Tarehe 21 Aprili 1957, Papa Pius XII, katika waraka wake Fidei Donum, aliwasihi maaskofu wawaruhusu baadhi ya mapadre wao waende Afrika kwa kipindi maalumu na kurudi. Mtu aliyeahidi miezi sita akakaa miezi sita kwa uaminifu hakumkimbia mtu. Vilevile Kanisa halikuwaona kuwa pungufu wale wa Uvira waliokombolewa wakaishi. Kifodini ni neema. Si jambo la kutafutwa, na anayelitafuta huwahatarisha hata wengine.

Basi Padre Carrara hakumzidi msafiri wa leo kwa sababu ya wingi wa siku zake, maana siku zake zilikuwa chache. Alimzidi kwa jambo moja: saa ile ilipofika, alikuwa kazini kati ya watu waliomngojea. Waliokuwa kanisani walikuja kuungama kwake. Bruda aliyelala nje alikuwa ndugu yake. Alikuwa tayari ni wa watu hao, na ndiyo maana hakuona njia ya kujitenga nao. Miaka miwili ilimtosha kuwa wao. Mwingine anaweza kukaa miaka ishirini na bado akawa mgeni.

Kipimo cha safari yetu ya utume basi si kuuliza, "Tutakaa siku ngapi?" bali "Tutakuwa wa nani?" Na maswali mengine yanafuata hapo hapo. Ni nani mwenyeji aliyetuita, na yeye amesema anahitaji nini? Tumejifunza majina ya watu, au tumeridhika kuwaita "watoto wale" na "wazee wale"? Tutakaporudi, nani atapokea salamu zetu mwezi ujao, na mwaka ujao? Anayeweza kujibu maswali hayo, safari yake ya majuma mawili inaweza kuwa mbegu. Asiyeweza, ni heri fedha za nauli zikawafikia wenyeji, nao wazitumie wanavyojua.

Tena, si lazima utume uanze kwa pasipoti. Vita vya miaka ya 1990 viliwavusha ziwa watu wengi wa Fizi, na kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, imekuwa kwao. Na Fizi yenyewe, pamoja na majeraha yake, imewapokea wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lusenda tangu mwaka 2015. Wenyeji waliotendewa ukatili namna hiyo wakawapokea wengine, hao nao ni wamisionari, nasi tungefanya vyema kuketi miguuni pao kabla ya kwenda kuwafundisha.

Mwisho, tusiwasahau vijana wa upande wa pili wa habari hii: wale waliofika Baraka na gari na bunduki. Hadi leo, katika milima ile, vijana huitwa porini na watu wanaojua kuutumia uchungu wao. Kijana asiyekuwa wa mtu yeyote ni mwepesi kuwa wa bunduki. Kuwa karibu na kijana wa namna hiyo mtaani kwetu, kumtembelea, kumtafutia kazi, kumsikiliza kabla ya kumhukumu, ni utume unaostahili kuwekwa chini ya maombezi ya Wenyeheri hawa wanne.

Maswali ya kutafakari pamoja katika kikundi:

1. Ni nani katika parokia yetu ambaye angetukosa sana kama tungeacha kumtembelea leo?
2. Katika safari au ziara tuliyowahi kufanya, wenyeji walitusaidia nini? Je, tuliwashukuru kwa hilo?
3. Padre Albert Joubert alikuwa mtoto wa mgeni na wa mwenyeji. Je, watu waliohamia kwetu wanajiona kuwa wenyeji katika kikundi chetu?

Wenyeheri Luigi, Giovanni, Vittorio na Albert, mtuombee.