Kultivari: Mzabibu Ulio Nyuma ya Mvinyo

Anayeonja mvinyo wa Dodoma atakutana na majina kama Chenin Blanc, mzabibu wenye asili ya bonde la mto Loire nchini Ufaransa, na Makutupora Nyekundu, wenye jina la eneo lililo kaskazini mwa jiji hilo. Majina hayo hutaja kile ambacho wataalamu wa mimea hukiita kultivari.

Kultivari ni kundi la mimea lililoteuliwa na binadamu kwa sifa fulani, na ambalo hudumisha sifa hizo likizalishwa ipasavyo. Istilahi hii ilibuniwa mwaka 1923 na Liberty Hyde Bailey, mtaalamu wa mimea wa Marekani. Chenin Blanc na Cabernet Sauvignon ni spishi moja, Vitis vinifera, lakini ni kultivari mbili.

Mkulima wetu angesema "mbegu", kama asemavyo mbegu ya mahindi. Kwa mzabibu neno hilo linapotosha. Kokwa ya zabibu ikipandwa huotesha mmea usiofanana na mama yake. Ndiyo maana mzabibu hupandwa kwa pingili. Mwaka 1997 uchunguzi wa DNA ulithibitisha kwamba Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc. Uzao huo ulitokana na kokwa moja, na tangu hapo pingili ndizo zilizouendeleza.

"Aina" nalo ni neno pana mno, kwa kuwa mvinyo mwekundu na mweupe pia ni aina. "Aina ya zabibu" humpeleka msomaji kwenye tunda, tena zabibu ni hata zile kavu za kwenye pilau. Napendekeza "aina ya mzabibu" kwa msomaji wa kawaida, maana utambulisho umo katika mmea, na "kultivari" kwa maandishi ya kitaalamu.

Usahihi huu hufika hadi ulimini. Nchini Chile, wakulima walichuma Carménère kwa miaka mingi wakidhani ni Merlot, hadi mtaalamu Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipoitambua mwaka 1994. Carménère huchelewa kuiva. Ikichumwa kwa kalenda ya Merlot, mvinyo wake huwa na ladha kali ya pilipili hoho mbichi. Ilipojulikana kwa jina lake, wakulima waliweza kuisubiri iive.

Mwonjaji naye atenganishe kultivari na mahali. Chablis ni mahali nchini Ufaransa, na mvinyo wake mweupe hutokana na Chardonnay. Lebo ya Dodoma ikitaja mahali na kultivari pia, mnywaji atajua ni kipi katika glasi yake kimetokana na udongo na jua la huko, na kipi ni urithi wa mzabibu wenyewe. Hapo ndipo atakapoweza kuulinganisha kwa haki na mvinyo wa kwingineko.