Msimbo wa Mkono na Msimbo wa Programu katika Mashine za CNC

Mashine za CNC ni mashine za kukereza, kuchonga na kutoboa metali ambazo mwendo wake huongozwa na kompyuta badala ya mkono wa fundi. Mashine hizo hufuata maagizo ya herufi na tarakimu yanayofahamika kama msimbo wa G. Maagizo hayo huweza kuandikwa na fundi mwenyewe, mstari kwa mstari, au kuzalishwa na programu ya kompyuta kutokana na mchoro wa kifaa. Kila njia ina mahali pake, lakini zote mbili humtaka fundi ausome msimbo na kuuelewa kabla ya kuanza kukata.

Chimbuko

Teknolojia hii ilianzia nchini Marekani, ambako John Parsons alitafuta namna ya kutengeneza kwa usahihi sehemu za ndege zenye maumbo ya mkunjo. Mwaka 1952 Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts ilionesha hadharani mashine ya kuchonga iliyoongozwa kwa tarakimu zilizotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Punde ilibainika kuwa kukokotoa tarakimu hizo kwa mkono kulikuwa kazi ndefu. Ndipo taasisi hiyo, chini ya uongozi wa Douglas Ross, ilipobuni lugha ya APT, iliyotangazwa mwaka 1959, ili kompyuta ibebe mzigo wa hesabu. Programu za leo ni mwendelezo wa juhudi hizo.

Lugha ya mashine

Katika msimbo huo, G00 huipeleka zana mahali fulani kwa kasi kubwa bila kukata, G01 huikatisha kwa mstari ulionyooka, na G02 na G03 huizungusha katika tao. M03 huanzisha mzunguko wa zana, M08 hufungulia maji ya kupozea, na M30 hufunga kazi. Herufi X, Y na Z hutaja mahali, F kasi ya zana kusonga mbele, na S idadi ya mizunguko kwa dakika.

Nguvu ya msimbo wa mkono

Msimbo wa mkono hufaa kwa kazi zenye maumbo sahili. Mfano ni flanji ya bomba yenye unene wa milimita 12 na matundu sita yaliyopangwa katika duara la nusukipenyo cha milimita 50. Fundi akiweka nukta ya mwanzo katikati ya flanji, tundu la kwanza huwa X50.0 Y0, la pili X25.0 Y43.301, na la tatu X-25.0 Y43.301, matatu yaliyosalia hupatikana kwa kubadili alama za kujumlisha na kutoa. Agizo moja la G81, lenye kina cha Z-16.0 ili keekee ipenye hadi upande wa pili, hutosha kwa matundu yote. Programu nzima haizidi mistari ishirini, na matundu yakihitajika kuongezwa kina, fundi hubadilisha tarakimu moja palepale kwenye mashine.

Nguvu ya programu ya kompyuta

Hali hubadilika pale kazi inapokuwa kalibu ya chupa ya plastiki. Uso wake wenye mikunjo huhitaji maelfu ya mistari ya mienendo midogo midogo, na kuikokotoa kwa mkono si jambo la busara. Programu huisoma sura ya kifaa kutoka kwenye mchoro, hupanga njia ya zana, kisha huonesha kazi yote kwenye skrini kabla metali haijaguswa.

Hata hivyo, njia hiyo hupitia hatua ya kutafsiri. Kila aina ya kidhibiti ina lahaja yake, na programu hutumia kitafsiri maalumu kugeuza njia ya zana kuwa msimbo wa mashine husika. Kitafsiri kisichofaa huweza kutoa msimbo unaoonekana sahihi kwenye skrini lakini ukaipeleka zana kusikokusudiwa. Vilevile, skrini huonyesha tu yale iliyoelezwa: jiliwa au kibano kisichoingizwa kwenye mchoro hakitaonekana, ingawa zana itakigonga.

Wajibu wa fundi

Kosa dogo huweza kugharimu zana, mashine au hata usalama wa fundi. Agizo la G21 humaanisha vipimo ni vya milimita, na G20 ni vya inchi. Katika flanji iliyotajwa, G20 ikiandikwa kwa makosa, kina cha 16 husomwa kuwa inchi 16, yaani zaidi ya milimita 406. Fundi anayeusoma msimbo huligundua kosa hilo katika mistari ya mwanzo. Asiyeusoma hulisikia kwa kishindo.

Kwa sababu hiyo, msimbo wowote mpya huendeshwa kwanza zana ikiwa juu ya kifaa, kisha mstari mmoja mmoja kwa kasi ndogo, mkono ukiwa karibu na kitufe cha dharura. Kwa mwanafunzi wa ufundi, kuanza kwa kuandika msimbo kwa mkono si kurudi nyuma: ndiko kunakompa uwezo wa kuikagua kazi ya kompyuta, kwa kuwa programu huandika msimbo, lakini anayebonyeza kitufe cha kuanzisha mashine ni fundi.