Mkojo Kwanza, Sindano Baadaye

Tenke ni njia panda ya reli. Tawi moja linateremka kusini-mashariki hadi Lubumbashi, la pili linapanda kaskazini hadi Bukama na Kamina, na la tatu linakata magharibi kupitia Kolwezi na Dilolo hadi bandari ya Lobito huko Angola. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1931 njia ya Dilolo ikaunganishwa na reli ya Benguela ya Angola. Zote zilijengwa kwa ajili ya shaba. Lakini treni iliyofuata shaba ilileta watu, watu wakaja na homa zao, na homa zikaleta dawa. Habari za shaba zimejaza vitabu. Za dawa zimeandikwa kidogo, na za figo zilizolazimika kuzisafisha dawa hizo, kidogo zaidi.

Kazi hiyo ya figo inaeleweka upesi. Dawa nyingi hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikichoka, dawa ya jana inabaki, ya leo inaikuta, ya kesho inazikuta zote mbili, na baada ya wiki moja mgonjwa anaumwa na tiba yake. Ndiyo maana mfamasia anayemhudumia mtu mwenye ugonjwa sugu wa figo hupunguza dozi, huongeza saa kati ya dozi moja na nyingine, au huiondoa dawa kabisa na kutafuta nyingine. Wengi hudhani elimu hii ni ya juzi. Kongo iliijua tangu miaka ya 1920, kabla treni ya Lobito haijapiga honi Tenke.

Iliyofundisha somo hilo ni malale. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wabelgiji waliogopa kwamba ugonjwa huo ungepanda na mto Lualaba na kuvuruga migodi iliyokuwa ndiyo kwanza inafunguliwa, wakatuma Katanga ujumbe wa kisayansi uliofanya kazi kuanzia 1910 hadi 1912 chini ya daktari Jérôme Rodhain, kuchunguza mbung'o na vimelea vyake. Tiba ya wakati ule ilikuwa aseniki. Robert Koch alikuwa ameshaijaribu atoksili kwenye visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906 na 1907, na baadhi ya wagonjwa wake wakapofuka. Hata triparsamidi, iliyotengenezwa Marekani na kuletwa Léopoldville (leo Kinshasa) na Louise Pearce mwaka 1920 kwa majaribio, iliokoa wengi lakini nayo ilitishia macho.

Kisha ikaja Bayer 205, ambayo leo huitwa suramini. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1916, na mwaka 1921 Friedrich Karl Kleine akaongoza msafara wa kuijaribu Rhodesia ya Kaskazini na Kongo ya Wabelgiji. Wajerumani, waliokuwa wamenyang'anywa makoloni yao vitani, waliificha fomula yake, na baadhi yao walitamka waziwazi kwamba dawa hiyo ingefaa kubadilishwa na makoloni. Mwaka 1924 Ernest Fourneau wa Taasisi ya Pasteur, Paris, akaifumbua fomula, na biashara hiyo ikafa kabla ya kuanza.

Suramini ina tabia mbili zinazoifanya isisahaulike. Inakaa kwenye damu kwa wiki nyingi, na figo inazozitegemea ili itoke ndizo hizo hizo inazoziumiza. Kwa hiyo ikaja na sharti: mkojo upimwe kabla ya kila sindano. Kipimo hakikuhitaji mashine. Muuguzi aliweka mkojo kwenye neli ya kioo, akaupasha moto, akadondosha asidi ya siki, akatazama. Mkojo ukibaki mwangavu, sindano inachomwa. Ukifanya ukungu, kuna albumini, protini ya damu, na sindano inaahirishwa. Ukungu ukiwa mzito, tiba inakoma. Richard Bright wa London alikuwa amehusisha mkojo wa namna hiyo na figo mbovu tangu 1827. Muuguzi wa Kikongo aliyeshika neli juu ya kibatari cha spiriti hakuwa na cheo cha daktari wala cha mfamasia, lakini uamuzi wa dozi ulianzia machoni pake.

Kwinini nayo ilikuwa na kisa chake. Wageni waliokuja kujenga reli na kufungua migodi walihofia homa ya mkojo mweusi: malaria inayopasua chembe za damu hadi mkojo unageuka rangi ya kahawa na figo zinaziba. Mwaka 1898 Koch, baada ya kukaa Afrika Mashariki ya Wajerumani, alidai kwamba anayeua ni kwinini yenyewe. Alikosea kiasi na kupatia kiasi. Malaria ndiyo mzizi, ila kwinini iliyomezwa leo na kuachwa kesho ilionekana mara nyingi mno karibu na vitanda vya waliokufa.

Halafu ikatawala kampuni ya shaba. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaamua kwamba mfanyakazi akae na mkewe na watoto kambini badala ya kuletwa na kurudishwa kila baada ya miezi. Kambi zikapata zahanati, wodi za wazazi, na hospitali. Usiuite ukarimu: kampuni ilihesabu afya ya wafanyakazi kama ilivyohesabu tani. Hata hivyo utaratibu ule ulikuwa na faida moja ambayo haijarudi. Daktari, maabara na dirisha la dawa vilikuwa chini ya paa moja na mwajiri mmoja, na jalada la mgonjwa lilitembea mita chache tu kati yao. Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja mwenye shahada ya chuo kikuu. Waliobeba kazi walikuwa wauguzi na wasaidizi wa madaktari. Mwaka 1967 mali za Union Minière zikataifishwa, zikaja kuwa Gécamines, na paa likabaki.

Miaka hiyo hiyo, mbali na Kolwezi, hesabu ilikuwa inachukua nafasi ya jicho. Mwaka 1959 Calvin Kunin na Maxwell Finland walionyesha jinsi antibaiotiki zinavyokawia kwenye damu ya watu ambao figo zao zimegoma. Mwaka 1970 William Bennett na wenzake wakachapisha mwongozo wa dozi kwa wagonjwa wa figo, mzazi wa majedwali ambayo wafamasia wanayafungua hadi leo. Na mwaka 1976 Donald Cockcroft na Henry Gault, huko Kanada, wakatoa kanuni inayotumia umri, uzito na kreatinini ya damu (taka ya misuli ambayo figo huiondoa) kukadiria kasi ya figo kuchuja damu. Wagonjwa wao walikuwa 249, karibu wote wanaume, na kwa wanawake kanuni ikapunguzwa asilimia 15 kwa makadirio. Kreatinini yenyewe bado hupimwa kwenye maabara nyingi kwa mbinu ya Max Jaffe ya mwaka 1886, inayotumia asidi ya pikiriki, kemikali iliyowahi kujazwa kwenye mabomu ya mizinga. Katika mji wa baruti kama Kolwezi, hilo halimshangazi mtu.

Paa likaanguka kwa kishindo. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Shaba ya Gécamines, iliyozidi tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, haikufika 50,000 miaka kumi baadaye. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Waliondoka na bahasha, na matibabu ya kampuni yakabaki nyuma. Tangu hapo mgonjwa wa Kolwezi, Fungurume au Tenke amekuwa tarishi wa ugonjwa wake mwenyewe: daktari huku, maabara kule, famasi mtaa wa tatu. Karatasi ya kreatinini inabaki kwenye mkoba, na anayeuza dawa haioni. Ajuza mwenye kisukari anachukua metformini yake, anaongeza diklofenaki ya mgongo, na kila dawa peke yake inaonekana halali, wakati ya pili inaziumiza figo zinazotakiwa kuitoa ya kwanza.

Hapa ndipo historia inapouma. Uchunguzi wa Ernest Sumaili na wenzake jijini Kinshasa, uliochapishwa mwaka 2009, uliona dalili za ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 12.4 ya watu wazima waliopimwa. Mwaka huo huo Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya mkojo wa watu zaidi ya 300 wa Katanga. Kobalti iliyokutwa kwa waliokaa jirani na migodi na viwanda ilikuwa ya juu kuliko yoyote iliyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote duniani, na pamoja nayo zilikuwepo risasi na kadimiamu, metali ambazo madhara yake kwa figo yanajulikana siku nyingi. Mwaka 2018 wakarudi na matokeo ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako kobalti ilichimbwa chini ya sakafu za nyumba. Katika kazi hizo, kila metali iliandikwa kwa gramu ya kreatinini ya mkojo. Kreatinini ya Wakatanga imefika kwenye majarida ya Ulaya. Kaunta ya famasi bado inaisubiri.

Hata pale ilipofika kwa mfamasia, kwa muda mrefu ilipitishwa kwenye kanuni iliyopinda. Kanuni ya MDRD, iliyotoka Marekani mwaka 1999, ilimwongezea mtu mweusi takriban asilimia 20, kwa dhana iliyotokana na Wamarekani weusi. Chukua mama wa miaka 65 mwenye kreatinini ya miligramu 1.8 kwa desilita. Bila nyongeza, kasi ya figo zake ni mililita 28 kwa dakika, na metformini inakatazwa chini ya 30. Kwa nyongeza inakuwa 34, na anaendelea kumeza. Mwaka 2019 Justine Bukabau na wenzake, waliopima figo za watu karibu 500 wa Kinshasa na Abidjan kwa njia ya uhakika, wakaonyesha kwamba nyongeza hiyo haiwafai Waafrika hao. Marekani yenyewe iliiacha mwaka 2021. Ni haki kusema Kinshasa ilitangulia.

Na kanuni nzuri haimalizi kazi. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI leo hupewa kidonge kimoja chenye dawa tatu, mojawapo tenofoviri, ambayo haishauriwi kasi ya figo ikishuka chini ya 50. Kidonge cha tatu-kwa-moja hakikatwi kikabaki na mbili. Lazima mtu aliye nyuma ya kaunta aone tarakimu, apige simu kwa aliyeandika cheti, na atafute dawa mbadala.

Kwa hiyo, msomaji wa Tenke au wa kwingineko unayemeza dawa ya kisukari, ya presha, ya UKIMWI au ya maumivu kila siku: karatasi ya kreatinini usiiache nyumbani. Iweke juu ya kaunta kabla ya fedha. Na wewe mwenye famasi, iulize hata kama mteja ana haraka, maana muuguzi wa malale aliiuliza neli yake kabla ya kila sindano, na hakuwa na kompyuta.