Mavazi ya takataka ya Kinshasa: yanasema nini kwa watu wa mashariki?

Katika kwartie ya Matonge, mjini Kinshasa, mtu anaweza kutoka kwenye parsele akiwa amefunikwa na makopo matupu toka kichwa mpaka miguu. Hakuna jukwaa wala tikiti. Anatembea tu barabarani, makopo yanalia, watoto wanamfuata, madereva wanapunguza mwendo. Hayo njo maonyesho yenyewe.

Nani wanayafanya?

Mtu wa makopo ni Eddy Ekete, msanii aliyesomea sanaa Kinshasa, kisha Strasbourg, Ufaransa. Yeye ni kati ya walioanzisha KinAct mwaka 2015, tamasha ya wasanii wanaoonyesha kazi yao barabarani. Wengi wanakusanyika katika kundi la Ndaku ya la vie est belle, pale pale Matonge. Kwa Lingala, ndaku ni nyumba.

Vazi linatengenezwa namna gani?

Msanii anaokota, anasafisha, anatoboa, halafu anafunga kwa waya ao anashona juu ya nguo ya zamani. Mababu walitumia vitu vya pori kwa mavazi ya ngoma: raphia, manyoya, ngozi. Mjini, kinachopatikana kwa wingi bila kulipa ni takataka. Lakini msanii haokoti tu chochote. Mara nyingi anachagua kitu kimoja, na kitu hicho njo kinabeba habari. Falonne Mambu, kwa mfano, anavaa nyaya za umeme juu ya kusema shida ya umeme katika mji unaolala gizani.

Inatuhusu namna gani?

Mavazi mawili yanagusa mashariki moja kwa moja.

La kwanza ni la Kongo Astronauts, kundi lililoanzishwa mwaka 2013 na Eléonore Hellio na Michel Ekeba. Ni vazi la mwanaanga lililojaa vipande vya ndani vya kompyuta na simu zilizokufa. Ndani ya vipande vya namna hiyo mara nyingi muna tantale, na tantale inatoka kwa koltani, ile inayochimbwa Rubaya, katika Masisi, na kwingineko. Jiwe linaondoka kwetu katika mifuko, linarudi likiwa simu ya kununua, mwisho linatupwa barabarani. Vazi hilo linaonyesha safari yote kwa mara moja.

La pili ni la Shaka Fumu Kabaka. Yeye anavaa mapupe, wale watoto wa plastiki wa kuchezea, wengine wamevunjika, wengine hawana mikono. Kazi hiyo inaitwa *Matshozi 6 jours*. Matshozi ni machozi, neno letu la Kiswahili. Siku sita ni zile za Kisangani, toka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji. Mamia ya raia walikufa, na watoto walikuwamo. Watu wa Kinshasa hawakusikia mabomu hayo. Pupe bila mkono inayopita mbele ya duka lao inawalazimisha kuuliza.

Ukikutana nao

Wako wanaokimbia wakizani ni uchawi, wako wanaocheka wakisema ni wazimu. Afazali kusimama. Angalia kwanza vazi limetengenezwa na kitu gani, halafu ujiulize kitu hicho kilitoka wapi na nani alikitupa. Ukitaka kupiga picha, omba ruhusa, sababu huyo mtu yuko kazini.

Na mtu wa Kisangani akiona mapupe yale, pengine hatahitaji kuelezewa. Yeye njo anaweza kuwaelezea wengine waliosimama pembeni.